Mashine Niliyoambiwa Nisiipate

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo hapa Bweri, Musoma. Pipa la chini ya paa la jiko lilijaa hadi likamwaga, na mama mkubwa akaniita tukakimbizana na ndoo kama watoto.

Tulipoingia ndani alikuwa bado anacheka. Akanipa simu yake nimsomee ujumbe wa binti yake Jenipher, aliye Mwanza, ingawa kusoma anajua vizuri. Nadhani alitaka kuusikia kwa sauti ya mtu mwingine. "Mama, mikono hiyo ipumzike. Nakununulia mashine ya mkate, ile inayokanda na kuoka yenyewe. Nyangi achague, yeye kasoma. Akishachagua, mimi nalipa."

Mama mkubwa huoka kwa sufuria: makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mtaa mzima unausifu mkate wake. Lakini tangu mwaka jana viganja vinamfa ganzi. Akikanda kidogo tu anakung'uta mikono kama mtu aliyeungua.

"Basi uchague, mwanangu," alisema. "Ila isiwe ndogo. Nataka na rafiki yangu Hasna nimpelekee mikate pale dukani kwake Nyakato, auze. Hiyo ya Hasna usimwambie baba yako mkubwa."

Nikasema sawa. Mimi kila kitu nasema sawa.

Jumanne, 11 Machi

Kazini baba mkubwa si baba mkubwa, ni Mkuu. Yeye ndiye kiongozi wa ofisi, mimi ni karani wa masjala kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mkataba unaisha tarehe 30 Juni. Anayesaini mipya ni yeye. Kwa hiyo aliponiita leo akaniambia nifunge mlango, nilidhani ni habari ya mkataba.

"Mama yako mkubwa kakwambia habari ya mashine?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Jenipher siwezi kumkatalia. Atasema baba ana roho mbaya. Kwa hiyo utatafuta." Alichukua kalamu akailaza sambamba na rula. "Utafute sana. Lakini usipate."

Aliutazama mlango, akahakikisha umefungwa.

"Leo mashine, kesho kibao getini, mikate inauzwa hapa. Watu watasema Mugeta kashindwa kulisha nyumba, mkewe anachuuza. Umenielewa, binti?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

"Sikukutoa Butiama uje kunivunjia heshima."

Nilipotoka, Enos, karani mwenzangu, aliniuliza mbona nimekauka kama dagaa aliyesahaulika juani. Nikamwambia ni njaa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mama mkubwa kaniuliza kama nimeanza kutafuta. Nimesema ndiyo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Baba mkubwa kaniuliza mezani, mbele ya mama mkubwa, kwa sauti ya upole kabisa, "Vipi mashine, Nyangi, inapatikana?" Nimesema bado. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema vitu vizuri ni adimu siku hizi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda Bunda. Nilijiambia kwamba nikitafuta kweli nikakosa kweli, nitakuwa sijamdanganya mtu. Njia nzima niliomba nisizikute.

Ziko mbili, kwenye rafu moja, katika duka la Hamduni anayeuza vyombo vya umeme, vipya na vya mtumba. Nilizikagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ya kwanza ni ndogo, ya mtumba kutoka Japani, nyeupe, imara, inatoa mkate mmoja. Inatumia umeme wa volti mia moja tu, kwa hiyo lazima ipitie kwenye transfoma ya kuupunguza umeme wetu, dude zito kama jiwe la kusagia. Ya pili ni mpya na ndefu, ina visu viwili vya kukandia na mfuniko wa kioo, inatoa mikate miwili kwa mpigo na inachomekwa moja kwa moja ukutani. Nikasoma kitabu chake cha maelekezo: maji kwanza, kisha unga, hamira juu kabisa kwenye kishimo isiguse maji. Umeme ukikatika kidogo ukarudi, inakumbuka ilipoishia. Kwa Musoma ya msimu huu hilo ni jambo kubwa. Mtu yeyote mwenye akili angechagua ile ndefu.

"Dada," Hamduni alisema, "unaishika kama mtoto mchanga. Mchukue basi, ukimwacha atalia."

"Nitarudi."

"Haya. Wote wanasemaga hivyo."

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. "Sijapata, mama mkubwa." Akasema pole mwanangu, umelowa bure, akanipa uji wa moto. Niliunywa huku nikiangalia vidole vyake vikifungua na kufunga.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani leo Masanja, kijana wa kwaya, kaleta pikipiki yake mpya iombewe. Hapa kwetu ni kawaida: cherehani, mashine ya kukoboa, gari, mtu akipata chombo cha kazi anakileta mbele, anasema ni cha kazi gani, wazee wanaweka mikono, mchungaji anaomba. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, aliweka mkono juu ya tangi.

Baada ya ibada, baba yake Masanja alinyoosha mkono achukue funguo, akisema ataitafutia dereva mwingine, mtoto wake bado mdogo. Baba mkubwa ndiye aliyemzuia. "Mzee mwenzangu, chombo kilichoombewa kazi yake imeshasemwa mbele za watu. Hakiguswi." Watu wakaitikia amina. Nilijivunia kuwa wa nyumba yake. Naandika hili kwa sababu nataka kuwa wa haki kwake.

Jumatano, 9 Aprili

Umeme hakuna tangu asubuhi. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimekuja Butiama kumwona mama mzazi. Mihogo ya bondeni imeanza kuozea ardhini kwa maji. Nilimsaidia kuing'oa ile inayofaa, na tukiwa tumeinama nikamweleza yote.

Hakuacha kung'oa. "Baba yako alipofariki, nani alikusomesha?"

"Baba mkubwa."

"Nani alikupa kazi?"

"Baba mkubwa. Lakini mama mkubwa naye ndiye ananilisha, na mikono yake..."

"Nyangi. Mbuzi aliyefungwa kamba halaumu kamba, anakula majani yanayofikika. Usimkosee mkubwa wako."

Mama ananipenda, na ndiyo maana anaikaza kamba.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama mkubwa kanituma tena Bunda. Nimezishika tena zote mbili. Nimesema tena sijapata.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, ofisi imefungwa. Mvua imepumzika siku kadhaa na pipa limeshuka, basi nikaambiwa nilisugue kabla halijajaa tena. Nililiinamisha, nikaingiza kichwa na brashi. Ndani ni jeusi. Si kutu, ni masizi yaliyoganda, na pembeni kuna bamba lililochomelewa mahali palipokuwa na mlango.

"Mama mkubwa, hili pipa lilikuwa la nini?"

Alikuwa anachambua mchicha kwenye kibaraza. "Lilikuwa oveni yangu. Nilikuwaga nauza mikate Nyakato nzima, wewe hujazaliwa. Mikate hiyo ndiyo ilimsomesha baba yako mkubwa chuo. Alivyopandishwa cheo akaniambia basi, mke wa bosi hachuuzi. Siku moja nimetoka sokoni nakuta fundi kashaziba mlango, keshaliweka hapo chini ya paa. Akaniambia, mke wangu, nimekutengenezea pa kukinga maji."

Alicheka kidogo. Sikuweza kucheka. Mwaka mzima nimeoga maji ya pipa lile.

"Na mashine ipo Bunda," aliendelea bila kuinua macho. "Hamduni ni kaka yake Hasna. Anasema binti fulani mwembamba, mwoga, anakujaga, anazipapasa, anaondoka."

Brashi ilinidondoka ndani ya pipa.

"Umeambiwa usipate, eti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilijua. Sikulaumu, mwanangu. Una mkataba wako."

Afadhali angenipiga. Nilidhani nyumba hii ina mfungwa mmoja, anayelala chumba cha uani na kuandika daftari. Kumbe mwenzangu alitangulia miaka mingi, na ndiye anayenipikia.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imerudi. Pipa linajaa. Siwezi kulitazama.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepata njia ya katikati. Nimefikiri wiki nzima na nadhani ni ya busara. Nimechagua ile ndogo ya mtumba. Mkate mmoja kwa siku ni wa nyumbani tu, hakuna wa kupeleka kwa Hasna, kwa hiyo baba mkubwa hana cha kuogopa, na mama mkubwa anapumzisha mikono. Jenipher alilipa, Hamduni akaifunga kwa kamba, na transfoma nikaipakata mapajani mpaka Musoma.

Baba mkubwa aliitazama, akanitazama. "Kumbe ulipata."

"Ni ndogo, baba mkubwa. Ya mkate mmoja tu."

Nilimweleza yeye kwanza, halafu mama mkubwa, habari ya umeme, nikabandika karatasi juu ya waya kwa herufi kubwa: USICHOMEKE UKUTANI. PITISHA KWENYE TRANSFOMA. Kisha tukapima, tukamimina, tukafunga. Ilipoanza kukanda, mama mkubwa alivuta kigoda akakaa mbele yake mikono ikiwa imelala mapajani, hana la kufanya, anatazama chombo kikimfanyia kazi. Harufu ilipojaa jikoni alisema, "Jamani. Na mimi nimekaa." Basi.

Jumapili, 11 Mei

Wazee wa kanisa wamekuja chai baada ya ibada. Baba mkubwa kasema waone maajabu ya binti yao. Akaenda jikoni mwenyewe, yeye asiyeingia jikoni, akarudi na mashine. Transfoma hakuibeba. Nilisimama.

"Baba mkubwa, transfoma..."

"Kaa, binti. Wakubwa wanaongea."

Karatasi ilikuwa bado kwenye waya. Niliona akiisoma. Niliona, naapa, macho yakipita juu ya maneno mpaka mwisho. Kisha akaibandua, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa shati, akachomeka ukutani.

Ulisikika mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga gamba la konokono. Kisha moshi, kisha harufu chafu.

"Basi tena," alisema. "Si nilisema? Vitu vya mtumba. Binti yetu kasoma sana, ila kuchagua bado." Wazee wakacheka kwa adabu. Mmoja akasema mume itabidi nichaguliwe, nisije nikaunguza nyumba. Wakacheka zaidi.

Mama mkubwa aliingia na birika. Aliutazama ule moshi, halafu kupitia dirishani akalitazama pipa, halafu akamimina chai, vikombe vyote, bila kumwaga hata tone.

Jumatatu, 12 Mei

Enos keshasikia, sijui kwa nani. "Habari za asubuhi, injinia wa mikate." Ofisi nzima ilicheka. Mkuu naye alicheka alipopita.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Mama mkubwa kakanda kwa mikono leo. Katikati akaniachia mimi nimalizie kwa kuwa vidole vyake havisikii unga.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zinaisha. Ziwa limetulia na upepo umebadilika.

Nimeogopa msimu mzima, nikadhani nikiwa mdogo vya kutosha nitapita katikati ya watu wawili bila kuguswa na yeyote. Njia ya katikati imeungua. Nilichobaki nacho ni swali lilelile la Machi: ipi ni mashine nzuri? Na jibu nililijua siku ya kwanza.

Nimempigia Jenipher. "Ile kubwa," nilisema, kabla sijasalimia.

"Nyangi? Na baba je?"

"Ile kubwa, dada. Ila isije nyumbani. Hamduni aitume Nyakato kwa Hasna. Na mimi nitasema ilivyoungua ile nyingine, lakini si leo."

Ndipo nikamsalimia.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia mama mkubwa ninachotaka tufanye kesho. Alishika kifua. "Atatuua."

"Alisema mwenyewe, mama mkubwa. Siku ya pikipiki ya Masanja."

Alitoa kitenge chake kipya sandukuni, akaanza kukipiga pasi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika yote, nisije nikadhani baadaye niliota.

Hasna alikuja na boksi juu ya bodaboda mpaka kwenye geti la kanisa. Yeye ni Mwislamu, hakuingia. Alisimama nje kwenye ukuta na mtandio wake wa kijani, akaninong'oneza, "Nipo hapahapa. Sibanduki mpaka nisikie amina."

Mchungaji alipowaita wenye vyombo vya kuombewa, nilidhani mama mkubwa hatanyanyuka. Baba mkubwa alikuwa amekaa mbele na wazee wenzake, kisogo chake kimenyooka. Kisha kitenge kikapita mbele yangu, na mimi nikamfuata nimeikumbatia mashine, nikaiweka juu ya meza ya sadaka.

"Hii nini tena, redio?" mchungaji aliuliza, na watu wakacheka.

"Mashine ya mkate," mama mkubwa alisema.

"Bwana asifiwe! Mzee Mugeta, hongera, umemkumbuka mama."

Baba mkubwa alianza kutabasamu. Hakuwa na namna.

"Ni yangu, mchungaji," mama mkubwa alisema. Hakupaza sauti, lakini kanisa lilikuwa kimya. "Kanipa binti yangu. Ni chombo cha kazi. Nitaoka, na mikate itauzwa Nyakato, dukani kwa Hasna."

Nilikuwa nyuma yake nimeshika waya usiburute chini.

"Wazee," mchungaji alisema, "wekeni mikono."

Walikuja mmoja mmoja. Baba mkubwa alikuja wa mwisho. Mkono wake ulisimama hewani juu ya kioo, uleule uliokunja karatasi yangu ukaitia mfukoni, na nikafikiri sasa atageuka aondoke. Watu wote walikuwa wanamtazama. Akaushusha. Vidole vyake viliacha alama juu ya kioo.

Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Sikufumba macho, nisamehewe. Kabla ya amina baba mkubwa alifumbua yake, na hakumtazama mkewe. Alinitazama mimi.

Amina iliposemwa, bibi mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti, "Hakiguswi!" na kanisa zima likacheka na vigelegele vikapigwa. Kigelegele cha nje, nyuma ya ukuta, kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Jumatatu, 16 Juni

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba."

Basi.

Ijumaa, 20 Juni

Mashine imekaa jikoni kwetu. Mikate sita imekwenda Nyakato. Imeisha yote. Baba mkubwa anakula ugali chumbani kwake.

Ijumaa, 27 Juni

Mikataba mipya imetoka. Enos kapata wake. Hakunitania leo. "Labda wako uko chini ya mingine, Nyangi." Mimi ndiye ninayepanga masjala. Hakuna ulio chini ya mingine.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekabidhi funguo za kabati. Nimesema asanteni, nikaondoka.

Jioni baba mkubwa kaja mezani, mara ya kwanza tangu siku ile. Mama mkubwa aliweka chai na mkate. Akala kipande, taratibu, mpaka ganda.

"Nani alichagua hii mashine?"

"Ni Jenipher..." mama mkubwa alianza.

"Mimi, baba mkubwa."

"Uliambiwaje?"

"Niliambiwa nisipate." Nilisema mbele ya mama mkubwa. "Na karatasi niliyoandika uliisoma."

Alichukua kisu, akajikatia kipande kingine. Alionekana mzee. Niliwaza kwamba labda naye anaogopa msimu mzima, anaogopa mitaa ya Nyakato na vinywa vya watu, na kwamba kuogopa kwake kumekuwa paa la nyumba hii, sote tumekaa chini yake tukikinga matone.

"Mkataba wako uko mezani kwangu," alisema hatimaye. "Haujasainiwa. Nilikuwa nasubiri uje kuniomba. Kesho asubuhi kabla sijatoka, bado unaweza."

Mama mkubwa alinitazama. Hakunikonyeza, hakunitikisia kichwa. Aliniachia.

Nilijua maneno yote ya kuomba. Nimeyatumia maisha yangu yote. Nilimwambia, "Asante, baba mkubwa. Kesho asubuhi naenda Butiama kumpelekea mama mkate." Nikanyanyuka, nikaosha vikombe.

Mama atalia, kisha atanigombeza, kisha atakula mkate. Keshokutwa nitapita Bunda, nianze kutafuta kazi. Naogopa sana, na sijui kama ipo. Lakini kutafuta najua, nimetafuta tangu Machi, na safari hii hakuna aliyeniambia nisipate.